Majira ya Harlem, 1969: Uhakiki wa Sinema ya Summer of Soul

I

Neno "kumbukumbu" katika Kiswahili lina maana mbili ambazo msemaji hazitengi ila alazimishwapo. Maana ya kwanza ni yale ayahifadhiyo mtu moyoni mwake juu ya mambo yaliyopita. Maana ya pili ni maandishi, picha au vitu vilivyowekwa ili mambo hayo yasipotee, kama isemwavyo kumbukumbu za mkutano au kumbukumbu za baraza. Katika maisha ya kila siku maana hizi mbili hukaa pamoja kwa amani, nayo ya pili huitegemeza ya kwanza pale inapolegea. Tatizo huzuka pale mtu anapokuwa na ile ya kwanza bila ya pili: yeye akumbuka, lakini hapana karatasi, wala picha, wala kanda ya kumshuhudia. Wenzake husema ameota, na baada ya miaka mingi yeye mwenyewe huanza kuishuku akili yake.

Jambo hili ndilo kiini cha Summer of Soul, sinema iliyoongozwa na Ahmir Thompson, mpiga ngoma wa Philadelphia ajulikanaye zaidi kwa jina la Questlove. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2021 katika tamasha la Sundance, ambako ilipata tuzo kuu ya waamuzi na pia tuzo ya watazamaji miongoni mwa sinema za Marekani za habari za kweli. Machi 2022 ilipata tuzo ya Oscar kwa fani hiyo hiyo. Habari zake ni za tamasha la muziki lililofanyika katika mtaa wa Harlem, mjini New York, siku sita za Jumapili baina ya tarehe 29 Juni na tarehe 24 Agosti 1969. Watu wapatao 300,000 walihudhuria kwa jumla, bila kulipa kiingilio.

Sifa za sinema hii zimekwisha kuimbwa na wengi, na si kazi ya uhakiki kuziimba tena. Lililo muhimu zaidi ni kuuliza kazi hii imeyatendea nini majira yale. Yaani, je, imeyakumbuka, au imeyakumbusha? Mambo hayo mawili si mamoja. Anayekumbuka hulipa deni lake mwenyewe, na anayekumbusha humdai mwingine.

II

Kwanza yafaa kulitazama jina lenyewe, kwa kuwa jina ni mlango wa kazi. Neno la kwanza katika jina hilo, lile la majira, halina mwenzake katika Kiswahili. Kamusi hutoa "kiangazi", na wafasiri wengi hulipokea neno hilo bila kusitasita. Walakini kiangazi ni wakati wa jua na ukavu. Pwani ya Afrika Mashariki huhusishwa na miezi ya kaskazi, na bara mara nyingi hutajwa kwa miezi isiyokuwa na mvua katikati ya mwaka. Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo Harlem ilikuwa ikitokwa jasho, ndiyo miezi ya kipupwe kwa mtu wa Mombasa au Unguja, wakati wa upepo wa kusi na mashuka mazito usiku. Basi mfasiri asemaye "Kiangazi cha Harlem" amepata hali ya hewa nusu, na mambo ya watu ameyakosa yote.

Kwa maana majira yale kwa watu wa miji ya kaskazini si hali ya hewa tu, bali ni desturi. Shule hufungwa kwa majuma mengi. Vyumba vya majumba marefu ya kupangisha huwaka moto, na watu hukaa vizingitini na vibarazani hadi usiku wa manane. Mabomba ya maji ya kuzimia moto hufunguliwa barabarani ili watoto wapate kuoga. Bustani za mji huwa sebule za wasio na sebule. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hupima umri wake kwa majira, naye hujua wimbo gani ulivuma majira yapi. Ndiyo sababu hamu ya yaliyopita, kwa watu hao, hushikamana na majira zaidi ya mwaka. Mwaka ni hesabu ya serikali, lakini majira ni mali ya mtoto.

Neno la mwisho la jina halina taabu ndogo. "Roho" ndilo neno la kwanza kumjia mfasiri, naye hakosei, kwani muziki huo ulizaliwa kanisani. Lakini neno lile, katika matumizi ya Wamarekani Weusi wa miaka ya 1960, lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya muziki, la chakula, la mwendo, na la undugu uliotambulikana bila kuulizwa. Kiswahili hugawa kazi hizo baina ya roho, moyo, nafsi na utu, na hapana hata moja liwezalo kuzibeba zote. Kwa hiyo katika uhakiki huu jina la sinema limeachwa kama lilivyo. Si kwa uvivu. Ni kwa kuwa kutofasirika kwake ni sehemu ya habari yenyewe.

III

Mambo yaliyotukia ni haya. Mwimbaji mmoja, Tony Lawrence, ndiye aliyeandaa tamasha na kulisimamia jukwaani, kwa msaada wa idara ya bustani ya mji. Meya wa New York, John Lindsay, aliyekuwa akigombea tena umeya mwaka ule, alifika na kupokewa kwa shangwe. Kampuni ya kahawa ya Maxwell House ilitoa fedha. Chama cha Black Panther kilishiriki katika ulinzi. Mahali palikuwa bustani ya Mount Morris, ambayo tangu mwaka 1973 imeitwa kwa jina la Marcus Garvey, bustani yenye kilima cha mawe katikati na mnara wa kale wa mlinzi wa moto juu yake.

Hal Tulchin, mtu wa televisheni, alizipiga picha siku zile kwa kanda za video, akapata saa 40 hivi. Hakuwa na fedha za taa. Kwa hiyo jukwaa lilielekezwa magharibi, ili jua la mchana na la alasiri liwaangaze waimbaji. Habari hii ndogo, ambayo sinema yenyewe inaitaja, ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kila rangi iliyomo katika picha zile, manjano ya mashati, wekundu wa majoho, jasho juu ya paji la uso, ni kazi ya majira yenyewe. Watu walikuwa maskini wa taa lakini matajiri wa jua. Yule atazamaye leo aona kwa macho yake kwamba majira hayakuwa pambo la tamasha, bali yalikuwa mojawapo ya vyombo vyake.

Waliopanda jukwaani ni wengi. Stevie Wonder alikuwa na umri wa miaka 19, na sinema yafunguka naye akiwa amekaa nyuma ya ngoma, si nyuma ya kinanda. B.B. King alikuwako, na Gladys Knight pamoja na wenzake, na Nina Simone, na Sly and the Family Stone. Kutoka upande wa Kilatini walikuja Mongo Santamaría na Ray Barretto. Hugh Masekela alileta tarumbeta yake kutoka uhamishoni, kwa kuwa Afrika ya Kusini ya wakati ule haikuwa na mahali pake. Max Roach na Abbey Lincoln walikuwako pia. Mtu akiwatazama kwa mfululizo huu hutambua kwamba lile halikuwa tamasha la fani moja. Nyimbo za dini, blues, jazz, ngoma za Karibea na muziki wa dansi wa vijana vilikaa juu ya jukwaa moja. Nao wasikilizaji, kuanzia bibi wa kanisani hadi kijana mwenye nywele za mviringo, hawakuondoka fani yao ilipokwisha.

IV

Baada ya tamasha Tulchin alijaribu kuziuza kanda zake ili zifanywe sinema kubwa, lakini wanunuzi hawakupatikana. Katika kujaribu kwake aliliita tamasha hilo "Woodstock ya Weusi". Hapa mhakiki wa lugha hana budi kusimama.

Tamasha la Woodstock lilifanyika tarehe 15 hadi 18 Agosti 1969, katika shamba la Max Yasgur huko Bethel, katika jimbo hilo hilo la New York. Watu zaidi ya 400,000 walifika. Mwaka 1970 sinema ya Michael Wadleigh juu yake ilitoka, ikiwa na urefu wa saa tatu hivi, ikapata Oscar. Tangu hapo jina la Woodstock limekuwa jina la majira yale yote, na mara nyingine jina la kizazi kizima. Lakini tamasha la Harlem lilikuwa limekwisha kuanza majuma saba kabla ya Woodstock. Basi kumwita Harlem "Woodstock ya Weusi" ni kumbatiza mkubwa kwa jina la mdogo wake. Zaidi ya hayo, jina la namna hii huweka kivumishi upande mmoja tu. Hapana aliyepata kuiita Woodstock "Harlem ya Weupe". Kitu chenye jina tupu huwa ndicho kipimo, na kitu chenye kivumishi huwa nakala.

Kwa hiyo ni sifa kwa Thompson kwamba hakulitumia jina hilo juu ya mlango wa kazi yake. Walakini hakuweza kulikimbia kabisa. Ndani ya sinema Woodstock hurudi kama kivuli, na mtazamaji husukumwa aone kwamba tamasha moja lilitukuzwa na jingine likafichwa. Ulinganisho huo una haki yake, lakini una hatari yake pia, kwani humfanya Harlem aendelee kuishi kwa kutazamwa kutoka Bethel. Sly and the Family Stone walipiga kote kuwili majira yale yale. Habari hiyo peke yake ingetosha kuonyesha kwamba wapigaji wenyewe hawakuwa na ukuta kama uliojengwa baadaye na waandishi wa historia.

Jambo jingine la kulaumu ni dai kwamba picha zilikaa chini ya ardhi kwa miaka 50 pasipo kuonekana na mtu. Dai hili, ambalo mtazamaji hupewa mapema, si kamili. Sehemu za tamasha zilionyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka ule ule wa 1969, katika vipindi vya saa moja. Kweli iliyo kamili ingekuwa na uchungu zaidi. Kama picha hazikuonekana kabisa, kusahauliwa kwa Harlem ni ajali, kama barua iliyopotea njiani. Lakini kama zilionekana kidogo, watu wakaziona, kisha hapana aliyetaka kuziona tena, kusahauliwa huko si ajali. Kiswahili kina njia ya kulitaja jambo hili kwa kinyambuo: liko lililosahauliwa, na liko lililosahaulishwa. Sinema ilichagua hadithi ya hazina iliyofukuliwa, kwa kuwa ni tamu masikioni. Hadithi ya pili ilikuwa karibu nayo, na ilikuwa na kweli nyingi zaidi.

V

Baada ya kulaumu, yafaa kupima lililo bora katika kazi hii. Nalo ni njia aliyoitumia mtengenezaji kuwarudisha watu mbele ya picha zao. Hakuwahoji kwanza kisha akazipamba hoja zao kwa picha. Mara nyingi aliwakalisha mbele ya kanda, akawaacha watazame, naye akawapiga picha wakitazama. Mtazamaji wa sinema huwatazama watazamaji.

Mmoja wao alikuwa mtoto mdogo wakati wa tamasha, na kwa miaka mingi alibeba moyoni picha za bustani iliyojaa watu bila kuwa na hakika kama aliziona au alizibuni. Anapoonyeshwa kanda, hasifu muziki kwanza. Hushukuru kwamba akili yake haikumdanganya. Mtu huyu amekuwa na kumbukumbu ya kwanza kwa nusu karne, na sasa tu amepata ya pili. Machozi yake si ya hamu ya utoto. Ni machozi ya shahidi aliyesadikiwa baada ya kesi kwisha.

Hapa ndipo sinema inapoachana na kazi nyingi za kukumbukia yaliyopita. Kazi za namna hiyo aghalabu humpa msomaji au mtazamaji utamu wa bure: nywele za wakati ule, mavazi ya wakati ule, nyimbo alizozipenda kabla ya kujua taabu za dunia. Humwambia kwamba mambo yalikuwa mema na sasa yamepita. Harlem ya 1969 haikuwa na mambo mema ya kutosha kusema hivyo. Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 Aprili 1968, na mitaa ilikuwa imewaka moto. Heroini ilikuwa ikiwala vijana. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiwachukua wengine. Basi hamu iliyomo katika picha hizi si hamu ya raha, ni hamu ya siku ambayo watu walikuwa pamoja katikati ya msiba. Kiswahili kina desturi ya kulijua jambo hili, kwani katika matanga watu huja kukaa pamoja siku kadhaa, na baadaye wengi hukumbuka mkusanyiko ule kwa upendo ijapokuwa sababu yake ilikuwa huzuni.

Kilele cha sinema ni pale Mahalia Jackson, aliyekuwa na umri wa miaka 57 na asiyekuwa na afya njema siku ile, alipomwomba Mavis Staples, aliyekuwa na nusu ya umri wake hivi, amsaidie kuimba wimbo wa dini alioupenda sana King. Jesse Jackson alitangulia kwa kuwakumbusha watu saa ya mwisho ya King. Kisha kijana akaanza, mkubwa akapokea, na wote wawili wakashikana sauti. Mahalia Jackson alifariki Januari 1972. Atazamaye leo huona jambo ambalo wale wawili hawakulijua kwa hakika: kwamba kijiti kilikuwa kikipokezanwa. Pamoja na hayo, mtengenezaji hakuupa wimbo huo kimya ulichostahili. Mara kwa mara, hapa na kwingineko, sauti ya msemaji wa leo huingia juu ya sauti ya mwimbaji wa jana. Katika sinema yenye urefu wa karibu saa mbili, iliyochotwa katika saa 40, hapana wimbo mwingi unaosikika toka mwanzo hadi mwisho. Maelezo yana faida yake, lakini shahidi mkubwa kuliko wote alikuwa wimbo, na shahidi hukatizwa na hakimu pale tu anapotoka nje ya jambo.

VI

Jumapili moja ya tamasha ilikuwa tarehe 20 Julai 1969, siku ambayo binadamu alitua mwezini kwa mara ya kwanza. Sinema imetumia tukio hili kwa ustadi. Upande mmoja huonyeshwa watu wa mahali pengine wakishangilia. Upande wa pili huonyeshwa watu wa Harlem wakiulizwa na mwandishi wa televisheni kwa nini wamekuja bustanini badala ya kukaa mbele ya mwezi. Majibu yao ni ya adabu na ya kukata: fedha zilizopelekwa angani zingaliweza kulisha wenye njaa chini.

Utamaduni wa umma hujitambulisha katika nafasi kama hii. Tukio la mwezi liliandaliwa ili lihesabike kuwa kumbukumbu ya ulimwengu mzima, na kwa kweli limehesabika. Lakini mtu hakumbuki lile aliloagizwa kulikumbuka. Hukumbuka mahali alipokuwa. Siku ile makumi ya maelfu walikuwa mbele ya Stevie Wonder na Gladys Knight, na kwao tarehe hiyo ina maana nyingine. Hapana mgongano baina ya kumbukumbu hizo mbili ila pale moja inapodai kwamba ndiyo pekee.

Kadhalika sinema ina sehemu yenye thamani kwa wataalamu wa lugha kuliko sehemu nyingine zote. Ni ile inayoonyesha kwamba mwaka 1969 ulikuwa mwaka ambamo watu wengi walikuwa wakiliacha jina la "Negro" na kujiita "Black". Charlayne Hunter-Gault, mwandishi wa habari ambaye mwaka 1961 alikuwa mmoja wa wanafunzi wawili weusi wa kwanza kuingia Chuo Kikuu cha Georgia, asimulia jinsi gazeti lake, The New York Times, lilivyokuwa likilibadili neno lake na kurudisha la zamani, naye akawaandikia wakubwa wake waraka mrefu mpaka desturi ikabadilika.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuikosa ladha ya ugomvi huo, na sababu yake ni ya sarufi. Katika Kiswahili rangi haisimami peke yake. "-Eusi" si neno mpaka lipate kiambishi, na kiambishi cha kwanza kimjiacho msemaji amtajapo mtu ni kile cha watu: mweusi, weusi. Kitu ni cheusi, nguo ni nyeusi, mtu ni mweusi. Sarufi yenyewe humtenga mtu na vitu kabla sifa haijafika. Kiingereza hakina ulinzi huo. Kivumishi kimoja hutumika kwa kiatu, kwa usiku na kwa binadamu. Basi watu wa Harlem walikuwa na kazi ambayo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuifanya kwa kiambishi kimoja: kulitia utu neno la rangi. Wao walilazimika kulifanya kwa nyimbo, kwa nywele, kwa mavazi, na kwa waraka wa ofisini.

Jambo hilo lilikuwa na upande wa pili, ulio mchungu. Kundi la The 5th Dimension lilikuwa na wimbo ulioshika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma sita mwaka 1969, na baadhi ya watu walisema kwamba sauti zao hazikuwa nyeusi za kutosha. Marilyn McCoo na Billy Davis, wakijitazama katika kanda baada ya miaka 50, wanaeleza jinsi neno hilo lilivyowauma, na jinsi kupokewa kwao Harlem kulivyowaponya. Hapo mtazamaji hujifunza kwamba jina jipya, hata likiwa la ukombozi, huzaa walinzi wa mlango wake. Sinema haikulificha jambo hili, nayo yastahili kusifiwa kwa hilo.

VII

Kiswahili chenyewe hakikuwa mbali na mambo haya. Miaka tisa kabla ya tamasha, mwaka 1960, Randy Weston alirekodi mjini New York santuri ya Uhuru Afrika, yenye maneno ya Langston Hughes, na ndani yake sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, yasikika ikitamka Kiswahili. Max Roach alikuwa mmoja wa wapigaji. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, iliyochukua jina lake katika maneno "matunda ya kwanza", na herufi moja ikaongezwa mwishoni ili herufi zipate kuwa saba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye mwenyewe Mwandishi, na wengine Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile na Pepo Mtoto.

Mtaalamu mkali aweza kucheka herufi iliyoongezwa katika Kwanzaa, au irabu ya mwisho ya Mwile. Lakini atakuwa amecheka mahali pasipo pake. Watu wale hawakuwa wakitafuta lugha ya kuombea maji. Walikuwa wakitafuta majina ambayo mwenye shamba wa zamani hakuyatoa. Kiswahili kiliwapa majina hayo, na chenyewe kikapata kukaa katika mahali ambapo hakikuzaliwa, kikiwa na matamshi mapya na kazi mpya. Lugha yoyote iendayo mbali hurudi na vumbi la njiani.

VIII

Hukumu ya jumla basi ni hii. Summer of Soul ni kazi njema, yenye ushahidi wa thamani na moyo wa kweli. Makosa yake mawili makubwa, yaani kulitia chumvi dai la kupotea na kuukatiza wimbo kwa maelezo, hayaiondolei heshima. Faida yake ni kwamba imekataa kuwa pambo la utoto wa watu fulani. Imeonyesha kwamba hamu ya yaliyopita, ikiwa na ushahidi mkononi, yaweza kuwa namna ya kudai haki.

Hal Tulchin alifariki mwaka 2017, kabla hajaona kazi ya mikono yake ikishangiliwa. Alizitunza kanda zake kwa miaka mingi ambayo hapana aliyezitaka. Kwa kila saa moja iliyoonyeshwa, karibu saa kumi na tisa zimebaki nje ya sinema, na kila moja ina mtu fulani katika umati ambaye angali hai na hana hakika kama alikuwako. Sinema imewakumbusha wachache. Kazi iliyobaki si ya kutengeneza sinema ya pili yenye utamu zaidi, bali ni ya kuzifungua kanda hizo zote, zikatazamwa bila maelezo na wale waliokuwa mbele ya jukwaa lile, jua la magharibi likiwa usoni mwa waimbaji, kabla hawajamalizika kufa.